Siku za bahari tupu si fedha iliyotupwa

Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya safari aliwaonya wasomaji, wiki mbili zilizopita, wasidanganyike na safari za meli za kuzunguka dunia. Hesabu yake ilikuwa ya dukani: chukua nauli, igawe kwa idadi ya bandari, utaona kila bandari imekula kiasi gani. Siku ambazo meli iko katikati ya maji aliziita siku za kufungiwa, akashauri mtu atafute safari yenye bandari nyingi na bahari kidogo. Akaongeza kwamba huu ni mtindo mpya wa watu wasiojua la kufanya na fedha zao.

Nilimsoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani.

Mtindo wenyewe si mpya. Laconia, meli ya kampuni ya Cunard inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuwazungusha watalii dunia nzima, iling'oa nanga New York mwaka 1922 na safari ilichukua siku 130. Na mimi si tajiri. Ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, niliyehamia Southampton kwa ajili ya kazi nikazeekea huku. Jumapili, mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na desturi ya kwenda Mayflower Park, bustani iliyo kando ya gati, tukila chipsi na kuangalia zile meli kubwa zikitoka. Kila moja ikipiga honi, yeye alisema, "Tukistaafu, na sisi." Alistaafu, akaishi miaka miwili. Kiinua mgongo changu kilipotoka nilikata tiketi ya mtu mmoja.

Tuliondoka tarehe 9 Januari 2025, tukaelekea magharibi, tukarudi pale pale siku ya 101. Kati ya siku hizo, 61 hatukugusa nchi kavu. Nimezihesabu kwenye daftari. Leo nikiulizwa nirudishiwe siku zipi, nitachukua hizo 61 na bandari mbili. Zilizobaki apewe mwandishi wenu.

Nianze kwa kukiri. Siku tatu za mwanzo, tukipita Ghuba ya Biscay, nilitamani kufa. Meli ilikuwa inainuka, inatulia kidogo kana kwamba imesahau ilichotaka, kisha inashuka. Mimi niliyewapa watu vidonge vya kuzuia kutapika miaka 34 sikuweza kuinua kichwa. Kilichonisaidia ni tangawizi niliyoitia mfukoni mwenyewe na kulala kifudifudi. Siku ya nne niliamka nikaona chai haimwagiki.

Kuanzia hapo siku zikapata umbo. Saa sita za mchana nahodha alizungumza kwenye vipaza sauti: tuko wapi, tangu jana saa hizi tumekwenda maili ngapi, upepo unatoka wapi, chini yetu kuna kina gani. Wazee fulani walikuwa wakibahatisha idadi ya maili, anayekosea zaidi ananunua chai. Mimi niliandika tu. Kati ya San Francisco na Honolulu kuna siku alisema kina ni mita 5,100 na nchi iliyo karibu iko zaidi ya maili 900. Nilikaa na sentensi hiyo mchana kutwa. Wodini, katika miaka yote ile, sikumbuki siku ambayo hakuna mtu aliyeweza kunifikia.

Na nilikuwa nashona. Nilikuwa nimetoa Mombasa kitambaa cheupe kilichokwisha chorwa, cha kofia ya viua, ya mjukuu wangu wa miaka saba. Wanaojua kazi hii wanajua haina njia ya mkato. Unatoboa tundu kwa sindano, unaizungushia uzi mpaka midomo yake inasimama, unakwenda nyingine, na ukikosea hesabu ua linapinda. Nilikaa upande wa demani, chini ya mashua ya kuokolea, ambako upepo haukunifikia. Siku nzuri ya bahari nilimaliza tundu arobaini. Siku ya bandari sikumaliza hata moja: foleni ya kushuka, basi, joto, mtu anakuuzia mkufu, foleni ya kupanda. Ndiyo maana nasema daftari langu na la mwandishi wenu hayatalingana. Yeye anagawa nauli kwa bandari, mimi nagawa kwa tundu.

Akina mama wa Kiingereza waliokuwa wakifuma sufu meza ya pili waliniuliza kitu hicho kidogo kitakwisha lini. Nikawaambia, labda Southampton. Walikuwa wamekwisha maliza sweta mbili kila mmoja.

Ukitaka kuinua macho, kulikuwa na panzi, wale samaki warukao. Waliruka makundi kwa makundi kutoka chini ya omo, mbele ya meli, wakametameta kama mchele unaopepetwa kwenye ungo, wakazama. Pomboo niliwaona mara sita, nyangumi mara moja, na hiyo mara moja nilikuwa nimeinama natafuta sindano, nikaambulia mkia.

Sasa nije kwenye saa, maana hapa mwandishi wenu amekosa utamu wote. Ukienda magharibi, kila baada ya siku chache saa hurudishwa nyuma usiku, na wewe unapata siku ya saa 25. Mpaka tulipovuka Pasifiki nilikuwa nimepewa saa kumi na moja za bure. Kisha tulipotoka Tahiti kwenda Auckland tukafika kwenye mstari wa tarehe, ule ambao ukiuvuka kwenda magharibi unaruka siku moja. Tulilala Jumapili tarehe 23 Februari, tukaamka Jumanne tarehe 25. Jumatatu haikuwapo. Nami nilikuwa nimenuia kuifunga, kama nifungavyo Jumatatu na Alhamisi. Nilikwisha kula daku! Mezani watu walicheka, lakini mimi nilikaa nikijiuliza funga ya siku isiyokuwapo inaandikwaje. Mjukuu wangu mkubwa, niliyemwandikia kwa ule mtandao wa melini unaouzwa kama dhahabu, akanijibu, "Bibi, umekopeshwa saa kumi na moja ukalipa ishirini na nne. Hiyo ni riba."

Huyo huyo ndiye aliyenieleza habari ya kibla. Nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba tulipotoka San Francisco kibla kilikuwa kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Tulipofika Honolulu kikawa kaskazini, kikielemea magharibi. Nikadhani simu imeharibika. Kumbe njiani tulikuwa tumepita mahali ambapo njia fupi ya kwenda Makka ni moja kwa moja kupitia ncha ya kaskazini ya dunia. Kusini zaidi, karibu na kisiwa kidogo kiitwacho Tematangi, kuna nukta iliyo upande wa pili kabisa wa dunia kutoka Makka, na ukisimama hapo, popote utakapogeuza uso ndiko kibla. Hatukupita pale, tulielekea Tahiti, lakini usiku ule niliswali nikijua nukta hiyo haiko mbali sana, nami nimetandaza mswala kati ya kitanda na mlango wa choo, meli inayumba, na rukuu moja nilijikuta nimeshika kiti.

Mwezi wa Ramadhani niliuona kwa macho yangu jioni ya Machi mosi, tukiwa kwenye Bahari ya Tasman, siku moja kabla ya Sydney. Hakuna ghorofa, hakuna mnara, hakuna taa. Ulikuwa kama kipande cha ukucha. Nimeishi Uingereza miaka mingi nikiambiwa kwa simu kwamba mwezi umeandama. Sikuwa nimeuona mwenyewe tangu nikiwa msichana, juu ya dari la nyumba yetu. Msafiri ana ruhusa ya kula, najua. Lakini baada ya kuuona vile, sikuweza.

Babu mzaa mama alikuwa baharia wa jahazi. Walipakia boriti Lamu, wakaenda Ghuba ya Uarabuni kwa upepo wa kusi, wakarudi kwa upepo wa kaskazi na tende. Sisi watoto tulimuuliza, Maskati ikoje, Basra ikoje, naye alijibu kwa maneno matatu: joto, watu, tende. Halafu akatusimulia saa nzima juu ya kamba, juu ya mkate uliookwa melini, juu ya mshipi alioutupa asubuhi ukavutwa magharibi, juu ya nahodha aliyeimba vibaya. Nilidhani anatuficha mambo ya bandarini (na huenda alikuwa anayaficha). Sasa nadhani alikuwa anasimulia safari.

Lakini, mhariri, hoja ya kweli dhidi ya siku za bahari ipo, na mwandishi wenu hakuigusa. Mimi niliipata kwa mtu anayelipwa.

Tulikuwa kati ya San Francisco na Honolulu, uzi ukanikatikia, nikasema kwa sauti, "Aa, mwana haramu wewe!" Kijana aliyekuwa akiokota vikombe akasimama.

"Bi mkubwa, wewe wa wapi?"

"Kibokoni. Na wewe, mwanangu?"

"Likoni."

Alicheka mpaka akaweka trei chini. Tangu hapo kila akipita aliniamkia, nami nikamuuliza habari za kwao. Siku moja nikamwambia jinsi ninavyozipenda siku za bahari. Alitazama nyuma kwanza kama kuna mkubwa wake.

"Sisi, bi mkubwa, twaomba ziishe. Mkiwa bandarini nusu yenu mwashuka, meza zapungua, nami napata saa mbili. Baharini mpo nyote, na mwala mara tano."

Mkataba wake ulikuwa wa miezi tisa. Sydney alikuwa ameifikia mara nne, na mara zote nne aliiona kutoka kwenye duka lenye mtandao wa bure, akizungumza na mkewe. Nilinyamaza. Siku zile nilizokuwa nikijihesabia utajiri zilikuwa zinatoka mgongoni mwake. Nikaanza kubeba sahani zangu mwenyewe mpaka kwenye kitoroli. Siku ya tatu akaniomba kwa adabu niache, kwa kuwa msimamizi wake angedhani yeye hafanyi kazi.

Kwa hiyo mwandishi wenu akitaka kuandika tena kwamba siku za bahari zina gharama, aache kikokotoo, aende getini Kilindini, bandari ya Mombasa, meli ya watalii itakapotia nanga, awangoje vijana wetu wanaoshuka kwa saa mbili. Wapo wengi sasa kwenye meli hizi. Awaulize mikataba, saa za kazi, na wakala aliyewapeleka alichukua kiasi gani. Hiyo safu nitaikata na kuihifadhi.

Katika marudio hatukupita Bahari ya Shamu. Kwa sababu ya mashambulizi dhidi ya meli kule, tulitoka Colombo tukashuka mpaka Mauritius, kisha Rasi ya Tumaini Jema. Siku tano za Bahari Hindi, mwishoni mwa Machi, kaskazi imekwisha na kusi haijaanza. Malelezi kamili. Maji yalilala kama mafuta kwenye sinia. Tulivuka ikweta, abiria wengine wakamwagiwa maji na kuvikwa mataji ya karatasi kwa furaha ya kuingia kusini mwa dunia. Nikawaambia mimi nimezaliwa huko, wakanipigia makofi kana kwamba ni kazi niliyoifanya.

Jua likikaribia kuzama, yule kijana alikuwa akipita na tende tatu ndani ya kitambaa cha mezani, akaziweka karibu na mkasi wangu bila kusema neno. Naye alikuwa amefunga, na mchana alikuwa amehudumia chakula cha watu mia na kitu. Siku ya mwisho kabla ya Port Louis nilimuuliza Mombasa iko upande gani. Hakufikiri. Alinyoosha mkono kulia kwetu, nyuma kidogo ya mabega, mkono ule ule ulioshika birika.

Southampton tulifika asubuhi ya baridi. Kofia haikwisha. Zilibaki tundu kumi na nane, na mpaka leo ziko hivyo hivyo, kwa sababu kila nikiishika nchi kavu simu inalia. Mama wa mtoto anasema nifanye haraka, kichwa kinakua.

Muuguzi mstaafu,
Southampton, Uingereza