Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Tawi: Ukuta Wetu na Jina la Mayele

Ndugu wanachama,

Nawasalimu wote, wa kadi za zamani na wa kadi mpya. Katiba ya tawi inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama mwaka umekwendaje kabla ya mkutano mkuu. Mambo ya kawaida nitayapita mbiombio, mnivumilie, ili nibaki na nafasi ya jambo moja lililotugawa tangu Januari.

Hesabu ziko kwa mweka hazina, zimekaguliwa, na daftari liko wazi kwa yeyote anayetaka kulipitia. Tumewazika wenzetu wawili mwaka huu, Mungu awarehemu, na mara zote mbili tawi lilifika msibani na rambirambi yake mapema. Ada bado inasuasua, wanaolipa ni walewale. Televisheni ya maskani imetengenezwa. Wenye mabasi wamepandisha nauli ya Tanga kwenda Dar, kwa hiyo safari zimepungua, na mnalijua hilo kuliko mimi.

Uwanjani tumefurahi. Klabu yetu, Yanga, ilitimiza miaka 90 mwaka 2025 tangu ianzishwe 1935. Juni 25, 2025 tulimfunga mtani wetu Simba 2–0 tukachukua ubingwa wa nne mfululizo, wa 31 kwa jumla. Nawashukuru waliosafiri usiku ule na wakarudi kazini asubuhi.

Sasa nije kwenye ukuta.

Kwa ajili ya wanachama wapya nieleze. Ukuta wa nyuma wa maskani yetu ndiyo heshima ya juu kabisa ambayo tawi hili linaweza kumpa mchezaji. Hatuna fedha ya kumpa mtu, wala nishani. Tunachora sura yake na kuandika jina, na mtoto anayekwenda madrasa au shule anapita pale kila siku mpaka analijua. Wamo watatu tu: Sunday Manara, Mtanzania aliyetutangulia kucheza mpira wa kulipwa Ulaya, Mohamed Hussein 'Mmachinga', aliyefunga mabao 26 katika msimu mmoja wa 1999, na Nadir Haroub 'Cannavaro', nahodha aliyevaa jezi yetu kwa zaidi ya miaka 10. Kanuni inadai theluthi mbili ya kura ili sura ya nne iongezwe.

Januari vijana walileta hoja kwamba wa nne awe Fiston Mayele, mshambuliaji wetu wa zamani kutoka Kongo. Kura za ndiyo zilikuwa nyingi kuliko za hapana, lakini theluthi mbili hazikufika. Tangu siku hiyo wapo watu waliokuwa wanakaa benchi moja miaka yote ambao sasa wanakaa mbalimbali. Nimeombwa na pande zote mbili niseme msimamo wangu, nami nausema hapa kwa maandishi ili usinukuliwe vibaya: nilipiga kura ya ndiyo, na mkutano ujao nitapiga ndiyo tena.

Hoja kubwa ya waliokataa ni miaka. Mayele alitoka AS Vita ya Kinshasa akaja kwetu Jangwani mwaka 2021, na mwaka 2023 akauzwa Pyramids ya Misri. Misimu miwili. Mzee wetu mmoja alisimama Januari akasema, "Mgeni aliyelala siku mbili hapewi ufunguo wa nyumba." Watu wakapiga makofi, na kusema kweli maneno yale yalinikaa kichwani wiki nzima. Niliyatafakari kwa heshima, kwa sababu mzee huyo ndiye aliyenikatia kadi yangu ya kwanza.

Lakini tukumbuke nyumba ilikuwaje mgeni huyo alipobisha hodi. Mtani alikuwa amebeba ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Tulikuwa tumezoea kushindwa kiasi kwamba baadhi yenu mlishaacha kuvaa jezi sokoni siku ya Jumatatu. Septemba 25, 2021, kwenye Ngao ya Jamii, mchezo wa kufungua msimu, Mayele akafunga bao pekee dhidi ya Simba. Msimu ule tukamaliza ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja, yeye akiwa na mabao 16, moja pungufu ya George Mpole wa Geita Gold. Mwaka uliofuata, kwenye Ngao ileile, tukashinda 2–1 na mabao yote mawili yakawa yake. Ligi akaimaliza na mabao 17, sawa na Saido Ntibazonkiza.

Kisha Afrika. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo ninapoona waliokataa wamesahau. Klabu yetu haikuwa imewahi kucheza fainali ya mashindano ya Afrika. Robo fainali ya Kombe la Shirikisho tulikwenda Nigeria kwa Rivers United, tukashinda 2–0, na mabao yote mawili yalikuwa ya Mayele. Nusu fainali tukawatoa Marumo Gallants nyumbani na ugenini. Alimaliza mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 7.

Mei 28, 2023, mchezo wa kwanza wa fainali, tawi lilikodi basi. Mnaikumbuka safari ile, tuliondoka Tanga usiku na vyakula vya kufunga, na kufika uwanja wa Mkapa, Dar, jua likiwa bado halijakaza. USM Alger walitangulia. Zikiwa zimebaki dakika chache Mayele akasawazisha, na jukwaa zima likatetema, ule mtindo wake wa kushangilia bao. Kabla hatujamaliza kutetema wakatufunga la pili. Juni 3 tukaenda kushinda 1–0 Algiers kwa penalti ya Djuma Shaban, jumla ikawa 2–2, na kombe likabaki kwao kwa mabao ya ugenini. Nimeshuhudia mpira kwa miaka mingi na sijawahi kuona wazee wazima wakilia barabarani kama usiku ule. Walikuwa wanalilia fainali ya Afrika, kitu ambacho baba zao hawakupata hata nafasi ya kukililia.

Wapo wanaosema, tena kwa haki, kwamba hakufanya peke yake. Ni kweli. Alikuwepo Feisal Salum, alikuwepo Aucho, Bangala, Djuma, na juu yao kocha Nasreddine Nabi. Mshambuliaji hula anachopikiwa. Lakini Mmachinga naye alipikiwa, na hatukumuuliza mtu aliyempa pasi kabla ya kumchora.

Vijana walituletea mfano wa Jude Bellingham. Birmingham City ya Uingereza ilistaafisha jezi yake namba 22 mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 17, baada ya msimu mmoja na michezo 44, alipouzwa Borussia Dortmund. Watu wengi waliicheka klabu ile. Mimi siutegemei sana mfano huo. Bellingham alilelewa palepale tangu utotoni, kwa hiyo waliomheshimu walikuwa wanamheshimu mtoto wao, na tena walimheshimu kwa yale waliyotarajia kwake. Suala letu ni tofauti: Mayele hatukumlea, na tunayemzungumzia tayari ameshafanya kazi yake na ameondoka. Mfano unaonigusa zaidi uko kwa mtani. Mbwana Samatta alijiunga na Simba 2010, na 2011 akachukuliwa na TP Mazembe. Hakumaliza hata miaka miwili. Leo muulize mwana-Simba yeyote kama Samatta ni wao, uone atakavyokujibu.

Na tujiulize, kwa mpira wa sasa, mshambuliaji wa kiwango kile atakaa Dar miaka 10 kwa lipi? Klabu za Misri, Morocco na Afrika Kusini zina fedha ambazo sisi bado hatujazifikia. Anayefunga mabao 7 kwenye Kombe la Shirikisho hufuatwa kabla msimu haujaisha, na maisha ya mshambuliaji miguuni ni mafupi. Akiondoka kwa mkataba, klabu ikalipwa, hajatoroka. Manara mwenyewe aliondoka kwenda Uholanzi, na sura yake iko ukutani tunaipaka rangi upya kila baada ya mvua. Tukishikilia miaka, ukuta huu utabaki wa watu wa zamani tu, na vijana wanaolipa ada hawatapata wa kwao.

Wapo waliouliza: tukimchora Mayele, kesho si tutamchora Aziz Ki, aliyefunga mabao 21 msimu wa 2023/24 na mwaka 2025 akaenda Wydad ya Morocco? Pengine. Hoja yake itakapokuja tutaijadili. Kanuni ya theluthi mbili ipo kwa kazi hiyo.

Sasa nifike kwenye maneno yaliyonifanya nisilale. Siku ile ya Januari, baada ya kura, mama yetu mmoja mwanzilishi wa tawi, ambaye alipiga kura ya hapana, alisimama. Aliwakumbusha zama za bakuli, msimu wa 2018/19, klabu ilipokuwa haina kitu na kocha Mwinyi Zahera akiwaomba wanachama wachange. Mama huyu alipita nyumba kwa nyumba hapa mtaani na bakuli halisi, la bati, analo mpaka leo. Akasema: "Mnamtaka wa misimu miwili ya neema. Tambwe je? Yeye alikuwepo njaa ilipoingia."

Ukumbi ulinyamaza. Amissi Tambwe, Mrundi, alikuja kwetu Desemba 2014 akitokea kwa mtani walikomwacha. Msimu wa 2015/16 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Alibeba nasi ubingwa mara tatu mfululizo. Fedha zilipokwisha na nyota wengine wakaondoka, yeye alibaki, na hadi 2019 alikuwa bado anafunga. Miaka anayo. Mabao anayo. Shida alikula nasi. Na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyewahi kuleta hoja ya kumchora.

Ndugu zangu, ndiyo maana nasema tuache kujificha nyuma ya miaka. Kama miaka ndiyo ingekuwa kipimo chetu, Tambwe angekuwa ukutani tangu zamani. Nina hofu kwamba kipimo tulichokuwa tunakitumia bila kukitamka ni kingine: kwamba wale watatu ni wa kwetu, na Mrundi na Mkongo ni watu wa kupita, hata wakikaa miaka mitano, hata wakitupeleka fainali. Sipendi kulisema hili kwa wanachama wangu, lakini nimelipima kila upande na sioni maelezo mengine. Timu iliyotufikisha Algiers ilijaa wageni: Wakongo, Mganda, Mburkinabe, Mzambia. Tuliwaimba majina yao. Walikuwa wa kwetu siku ile, au tulikuwa tunawakopa?

Yapo pia yaliyosemwa baada ya Mayele kuondoka, huko na huku, maneno ya kuumiza mitandaoni. Mimi sikuyapenda. Lakini Juni 1, 2025 Pyramids walipocheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Cairo dhidi ya Mamelodi Sundowns, maskani ilijaa. Mayele alipofunga, niliangalia nyuma. Waliosimama na kutetema hawakuwa vijana peke yao. Mzee wa ufunguo wa nyumba alikuwa amesimama. Sikumuuliza kitu, wala yeye hakuniambia kitu, tukaketi tukaangalia mpira mpaka Pyramids wakakabidhiwa kombe.

Kamati ya utendaji imekaa vikao vitatu juu ya suala hili, na haya ndiyo tunayoyaleta kwenu. Hoja zitakuwa mbili na zitapigiwa kura kila moja peke yake: ya Tambwe, itakayosomwa na mama yetu mwenyewe, kisha ya Mayele, itakayosomwa na katibu wa vijana. Theluthi mbili inabaki palepale, hatukuipunguza. Aidha, tunapendekeza kwamba kuanzia sasa chini ya kila jina, pamoja na yale matatu ya zamani, iandikwe miaka ambayo mchezaji alivaa jezi yetu. Hili lilitoka kwa mzee. Alisema mtoto akisoma 2021–2023 aulize mwenyewe ilikuwaje mtu wa misimu miwili akafika pale, na mkubwa aliye karibu amsimulie. Kamati ililipokea bila mjadala.

Wanaodaiwa ada wamalize kabla ya siku ya mkutano, kwa kuwa katiba haimruhusu mwenye deni kupiga kura, na mara hii sitaki mtu akose sauti kwa sababu ya hilo. Aliyebanwa kabisa anione mimi au mweka hazina, tutazungumza. Mkutano utaanza saa 3 asubuhi, palepale maskani, na viti vitapangwa kuutazama ukuta. Njooni na kadi zenu. Mchoraji tumeshamwambia siku, na ngazi ataazima kwa jirani. Rangi hatujanunua.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti wa Tawi