Kongani ya Mwanza ipo Mwaloni, tusiitafute porini

Ndugu Mhariri,

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mazungumzo ya maendeleo hapa Mwanza, yawe ya ukumbini au ya kijiweni, yanaishia pale pale: litengwe eneo kubwa nje ya jiji, lizungushiwe ukuta, liitwe kongani ya viwanda, kisha tusubiri wawekezaji. Mfano unaotajwa ni Kwala, mkoani Pwani. Sina ugomvi na Kwala. Kule reli ya kisasa imefika, bandari kavu ipo, na makontena ya Dar es Salaam hayako mbali. Ila Mwanza kongani, yaani mkusanyiko wa watu wa kazi zinazotegemeana, tunayo tayari. Imeota yenyewe bila kukatiwa utepe, nasi tunaipita tukiwa tumeziba pua.

Nazungumzia Mwaloni, Kirumba, soko la dagaa na samaki kando ya Ziwa Victoria.

Asiyepafahamu aende asubuhi, boti za visiwani zinapopakua. Dagaa wanaoshushwa pale wengine wanaishia Kongo, wengine Burundi, wengine Zambia, na wanunuzi wa huko wanakuja wenyewe kuwatafuta. Kumzunguka mnunuzi huyo kuna dalali, mchukuzi, muuza viroba, mshonaji wa viroba, wakala wa kutuma pesa, mama lishe, na dereva wa lori anayejua mpaka upi una foleni wiki hii. Ukihitaji fundi wa mashine ya boti, hutoki nje ya jiji. Ukihitaji nyavu, vilevile. Mchumi Mwingereza Alfred Marshall alilieleza jambo hili tangu mwaka 1890: watu wa kazi moja wakikaa pamoja, ujuzi unakuwa kama uko hewani, hata watoto wanaudaka bila kukaa darasani. Kumasi, Ghana, wanapo mahali paitwapo Suame Magazine, maelfu ya mafundi magari wamesongamana, na hakuna aliyewapanga mwanzo. Mkusanyiko wa namna hii hauhamishiki kwa tangazo. Ukimhamishia muuza viroba porini peke yake, atafunga duka.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Nyakato. Dagaa wananihusu kwa sababu natengeneza chanja za kuanikia. Wenye uwezo wa kununua chanja ya chuma si wengi, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Dagaa wavuliwao usiku mmoja, kwa wavu mmoja, wanaweza kuuzwa kwa bei mbili zilizoachana sana. Walioanikwa juu, upepo ukipita chini na juu, wanakauka upesi na wanang'aa. Walioanikwa mchangani wanabeba mchanga, na mvua ikiwakuta pale wanaoza au wanakwenda kuwa chakula cha kuku. Samaki ni yule yule, jasho la mvuvi ni lile lile. Kwa nini basi wengi bado wanaanika chini? Watu wa semina husema wanakosa elimu. Hapana. Mama mmoja, mteja wangu, alinieleza sababu kwa swali moja: "Fundi, nikishazichimbia hizi, kesho nikiambiwa eneo si langu, nitazing'oa na nani?"

Hana karatasi ya eneo analoanikia. Anakaa kwa hisani ya mwenye mwalo, yaani ufukwe wa kupakulia samaki, na hisani haikopesheki benki. Nikamtengenezea chanja za kukunja, miguu ya bomba yenye bawaba, wavu tukaufunga kwa uzi wa nailoni badala ya waya kwa kuwa waya unashika kutu na kutu inahamia kwa dagaa. Wenzake walipoziona wakataka, na fundi wa jirani naye akaiga, akapunguza uzito wa fremu. Sikukasirika sana, maana yake ni nzuri kuliko yangu. Taa nazo zilibadilika hivyo: karabai za mafuta ya taa zikapisha taa za betri na za sola, mvuvi akimtazama mwenzake. Huo ndio ubunifu wa Mwanza. Hauna jengo, kwa hiyo hautembelewi na wageni.

Na si kwamba wataalamu hatuna. Nyegezi kuna chuo cha uvuvi, kuna na maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Ni mwendo wa daladala tu kutoka Mwaloni. Lakini nilipokwenda ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuomba mtu aipime chanja yangu aniambie dagaa wanakauka kwa kiwango gani, nikaambiwa nilete andiko la mradi. Chanja yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi.

Tulinganishe na sangara. Viwanda vya minofu viliposhamiri miaka ya 1990, soko lilikuwa Ulaya. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, na ghafla sakafu safi, barafu, vipimo na ukaguzi vikawa jambo la taifa. Mlango ukafunguliwa tena. Sangara alipata usafi kwa sababu mlaji wake ni Mzungu. Dagaa tunamla sisi na jirani zetu, basi tukamwachia mchanga. Sioni maelezo mengine.

Watu wanaosema uchumi endelevu ni jambo geni wangejifunza kwa hao hao wa sangara. Minofu ikishaondoka, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yanakaangwa au yanasagwa kuwa chakula cha mifugo. Mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, yaliyokuwa takataka sasa yanawindwa na wanunuzi wa China kwa bei inayoushangaza mnofu. Kinachobaki bila mwenyewe ni maji machafu. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji ukiwa umebeba kila tulichokitupa, unakimwaga ziwani, na maji ya kunywa tunayavuta ziwa lile lile, Capri Point na Butimba. Kiwanda cha samaki kinachochafua ziwa kinajikatia riziki chenyewe. Hata hili la kufuga sato kwenye vizimba ziwani, ambalo naliunga mkono, liangaliwe: kama chakula cha samaki wa vizimba kitatengenezwa kwa dagaa, tutakuwa tunamnyang'anya mlaji maskini kitoweo ili tumnenepeshe sato wa hotelini. Mabaki ya viwanda yaanze kutumika kwanza.

Sasa daraja. Kilomita tatu za zege zimefuta kero ya kungoja kivuko, na reli ya Isaka–Mwanza yenye kilomita 341 ikikamilika, mzigo utakwenda haraka zaidi. Lakini barabara nzuri haimpendelei mtu. Lori linaloweza kuingia Mwanza upesi linaweza pia kuipita Mwanza upesi. Mnunuzi wa Kongo atakuja Kirumba akikuta dagaa wasio na mchanga na mahali pakavu pa kuwahifadhia. Akikosa, yatakuwepo malango mengine ziwa zima, na Waganda na Wakenya hawajalala.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa fidia ya mamia ya ekari za kongani mpya, jiji lianze na vitu ambavyo hakuna mchuuzi mmoja anayeweza kuvijenga peke yake: sakafu yenye mteremko, mtaro unaoishia kwenye mabwawa ya kusafishia maji na si ziwani, paa la kuanikia la nailoni inayopitisha jua kwa siku za masika, na kwenye mialo ya kuanikia, vibali vya maandishi vya miaka kadhaa ambavyo yule mama anaweza kuvipeleka kwenye Saccos. Pesa isitafutwe mbali. Ushuru wa kila gunia unakusanywa pale pale getini. Halmashauri itamke ni asilimia ngapi itabaki Mwaloni, na hesabu ya kila mwezi ibandikwe kwenye ukuta wa geti hilo, kwa maandishi makubwa, mchukuzi mwenye gunia kichwani aweze kuisoma bila kusimama.

Fundi wa kuchomelea,
Nyakato, Mwanza