Daftari letu liko kwako?

Wete, Pemba
Ijumaa, baada ya Alasiri

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, alhamdulillahi. Bi Mkubwa miguu inamsumbua, lakini barazani hakosi. Watoto wanakuamkia. Nimekaa kimya tangu Mfunguo Mosi na wewe umekaa kimya vilevile, basi tusameheane. Nina jambo moja: ile kaunta buku yetu yenye jalada jekundu, tuliyokuwa tukiandika kila Ijumaa barazani visa vya watu kubaguliwa kwa asili yao, unayo wewe?

Nauliza kwa sababu kuna posa imerudishwa. Ni ya binti wa Fundi, yule wa pili. Kijana mwenyewe kazaliwa hapa hapa Limbani, kasoma chuoni na wadogo zetu, na baba yake umemuona kila msimu juu ya mikarafuu ya watu. Binti anamtaka. Fundi hana neno. Aliyesimama ni ami yake, kasema huyu si kufu yetu, yaani hatulingani naye kwa asili, babu yake alikuja kutoka Bara na mkeka begani. Kisha akaongeza neno ambalo sitaliandika, lile lile aliloitwa mtoto wa Bi Saada skuli mpaka akakataa kurudi. Binti sasa haongei na mtu.

Tukenda kwa sheha. Alitupokea kwa heshima, akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hajapata kusikia jambo kama hili katika shehia yake. Mwanaisha, nilitamani nimfunulie ukurasa! Mimi nakumbuka posa tatu zilizorudi kwa sababu ya asili ya mtu. Lakini ni mwaka gani, nani alisema nini, nani alikuwa shahidi? Yote hayo uliyaandika wewe, kwa mkono wako, na sisi tulikuwa tukikuona unajisumbua bure. Nilitoka pale nikiwa mikono mitupu, kama tumeanza kazi hii jana.

Hukuwepo ile 21 Machi, siku ya kimataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi. Ukumbi ulijaa. Mwalimu alitueleza habari za Sharpeville, vipi polisi wa Afrika Kusini waliua watu 69 mwaka 1960 kwa kuandamana dhidi ya sheria za pasi, akatusomea na kifungu cha 12 cha Katiba yetu ya Zanzibar ya 1984, kinachokataza ubaguzi. Watu wakapiga makofi, tukapiga picha, tukanywa juisi ya ukwaju. Ijumaa iliyofuata tulikuwa wanne barazani. Wanne! Na mmoja alikuja kumfuata mkewe. Nimefikiri sana kwa nini, na naona sisi tunaamka mtu akitukanwa, hasira zikipoa tunalala, kisha likija jingine tunaulizana upya pa kuanzia. Hasira tunazo za kutosha. Tunachokosa ni kumbukumbu, na kazi ndogo ya kila wiki hata pale ambapo hapajatokea kitu. Wewe ulipokuwepo kazi hiyo ilikuwa daftari. Tulikuwa tukija Ijumaa kwa sababu unauliza, "Haya, nani ana la kuandika?"

Ile posa ya pili katika zile tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa ilimalizika kwa ndoa. Nakumbuka sheikh alitwambia kuwa kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, wakiridhia wao ndoa ni sahihi, hakuna ami wala jirani wa kuizuia. Na alitupa hadithi ya Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, aliyeposwa na Muawiya na Abu Jahm, Mtume (S.A.W.) akamshauri aolewe na Usama bin Zayd, na Zayd aliwahi kuwa mtumwa. Mwanzo hakupenda, kisha akaolewa na Mwenyezi Mungu akajaalia kheri ndani yake. Hadithi ninayo. Nisichokikumbuka ni njia tuliyopita. Nahisi tulianza kwa bibi wa yule binti, si kwa wanaume, na yeye ndiye aliyewageuza wanawe. Au tulianza kwa imamu? Nikikosea mlango mara hii, ami atakaza kamba na binti wa watu ataharibikiwa.

Jambo jingine, na hili linaniuma. Wengi wa wanaosema hivi ni watu wetu ambao wenyewe wakivuka kwenda Unguja huitwa Mpemba kwa mdomo uliopinda. Tunajua linavyochoma, tunarudi tunamwita mwenzetu chogo, jina la kumdharau mtu wa asili ya Bara. Mzee wetu wa pale kwenye mkungu, unamjua, alinihadithia kuwa wakati wa Vita vya Pili chakula cha mgao kiligawiwa kwa taifa la mtu: aliyeandikwa Mwafrika hakupata mchele kama aliyeandikwa Mwarabu au Mhindi. Baba yake akaenda kujibadilisha asili, apate kulisha watoto. Asili, shoga yangu, kwa kibaba cha mchele! Kisha Juni 1961 kule Unguja, siku za fujo za uchaguzi, watu 68 waliuawa, na wengi wao waliuliwa kwa kuwa ni Waarabu. Nilitaka kuyaandika maneno ya mzee akiwa hai bado, nikaona nitayaandika wapi...

Wewe uko Kilifi, umeyaona kwa macho. Wapemba wa huko, ambao wengine babu zao walivuka kuvua na wengine walikimbia Mapinduzi ya 1964, wamekaa miaka yote hiyo bila kitambulisho mpaka serikali ya Kenya ilipowatambua 2023. Na Wamakonde wa Kwale walifunga safari kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016, mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Huwa nawafikiria, si siku ile ya kutembea, bali miaka iliyotangulia. Nani alikuwa akiweka orodha? Waliwezaje kukutana mwezi ambao hakuna habari yoyote?

Basi daftari nirudishie. Usinipigie picha kurasa na kuzituma kwenye simu, mna majina ya watoto wa watu. Mpe mtu mwaminifu anayepita Tanga, apande meli ya Pemba, mimi mwenyewe nitashuka gatini kumpokea.

Nijibu upesi, maana Fundi kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Daftari liko salama? Halikuingia maji ulipohama? Tulianza kwa bibi au kwa imamu? Hapo mtaani kwako hakuna mzee wa Kipemba aliyekuwa kwenye ile kamati yao ya vitambulisho, ukamuuliza walishikana vipi? Na wewe mwenyewe, bado unaandika, au na huko umeacha? Utakuja msimu wa karafuu?

Nakusubiri.

Wako,
Time