Ukurasa wa kwanza unapiga kelele

Mhariri, naomba kanafasi. Siku hizi ukurasa wenu wa kwanza una vichwa vitano vyote herufi kubwa nyekundu, bei ya unga inagombana na usajili wa Simba, jicho halijui lianzie wapi. Josef Müller-Brockmann, mbunifu wa mabango na kurasa kule Zurich, Uswisi, tangu miaka ya 1950 alikuwa anagawa karatasi kwa gridi, mistari isiyoonekana, maandishi na picha vinakaa humo halafu anaamua kipi kitawale. Nyie wekeni kichwa kimoja kikubwa, kinachofuata nusu yake, basi. Na safu jamani zipanueni, zimebanwa mpaka “wanaotarajiwa” inakatwa “wanaotarajiw-a”, herufi moja inalala peke yake mstari wa chini! Matangazo najua yanalipa, ila si lazima kila upenyo.

Msomaji wenu, Tanga