Mnandi mdogo anasingiziwa

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka mingi nimesoma gazeti lako bila kuandika neno, lakini ile habari ya ndege "wanaomaliza samaki" Ziwa Victoria, iliyoshauri viota vivunjwe, imenishinda kunyamazia. Picha ilikuwa ya mnandi mdogo mwenye mkia mrefu, maelezo yakawa ya mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe. Mdogo ana uzito wa kama nusu kilo. Mkubwa huweza kufika kilo tatu. Kinachowachanganya watu ni kwamba mdogo ambaye hajapevuka naye ana tumbo jeupe. Tazameni mdomo mfupi na mkia mrefu. Akipevuka, jicho lake huwa jekundu, la mkubwa ni kijani.

Huyu mdogo huwinda peke yake kandokando ya matete, kwenye maji ya mita moja au mbili, na mbizi yake haifiki nusu dakika. Hula vyura, furu (visamaki vidogo vya ziwani) na samaki wengine wazito wa kukimbia, wengi wao chini ya sentimita 10. Humgeuza samaki kichwa kitangulie, mapezi yasimkwame kooni. Kifaranga wa sato akipita atamla, sibishi. Lakini sangara anayeruhusiwa kuvuliwa huanzia sentimita 50, karibu urefu wa ndege mwenyewe, mkia ukiwemo! Anayekomba mazalia ya sato ni kokoro, wavu mkubwa unaoburutwa usiku mpaka ufukweni ilhali umepigwa marufuku. Na nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, zinazotelekezwa? Mwezi uliopita nilikuta mnandi amefia ndani ya moja kwenye matete, uzi umepasua ngozi inayounganisha vidole vyake vyote vinne. Hilo hamkuliandika.

Kuhusu viota: mayai ni mawili hadi manne, na wazazi huyaatamia kwa zamu siku 23 hadi 25. Makinda huanguliwa bila manyoya. Ukiwafukuza wazazi, jua linawaua au furukombe, yule tai mla samaki, anawabeba.

Naomba mtume mwandishi na rula msimu wa makinda. Asipande mti. Aokote samaki walioanguka chini ya viota, awapime mmoja mmoja, kisha asubuhi hiyohiyo aende mwaloni, samaki wanakoshushwa, apime ndoo moja ya samaki wa kokoro. Vipimo vyote viwili vichapwe ukurasa mmoja.

Msomaji wako,
Mwanza