Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bismini, Askari na Wapagazi Wasio na Majina

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita mlitutaka tuache kurukia kila jengo la zamani Dar es Salaam, tushike jambo moja. Tukashika Sanamu ya Askari, ukumbusho wa Waafrika waliotumika upande wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, pale Samora inapokutana na Maktaba, kwa kuwa mwaka 2027 inatimiza miaka 100. Wengi wetu tumeipita tangu utotoni tukikimbilia daladala za Posta, hatujawahi hata kusimama.

Nianze na aibu yetu. Mwezi Machi tulitokea pale na ndoo, sabuni ya unga na brashi za waya, tukidhani ule ukijani ni uchafu. Mwenzetu mmoja, fundi wa shaba, akatupokonya brashi. Ukijani ule ndio ngozi yake, alisema. Ukiukwangua, chumvi ya upepo wa bahari inaanza kuila shaba upya. Tukarudi na maji yetu. Isitoshe, kibali hatukuwa nacho, na kosa hilo ni langu. Barua ya kukiomba tumeambiwa imepotea mara mbili. Ya tatu nitaipeleka kwa mkono na kusubiri muhuri.

Matembezi ya Jumamosi yamefana. Tumeeleza kwamba hapo mwanzo alisimama Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, mpaka Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 na kumng'oa. Jina lake halikung'oka: wako wazee ambao hadi leo huiita sanamu hii Bismini. Huyu askari wa sasa ni kazi ya James Alexander Stevenson, alionyeshwa London kabla ya kupakiwa melini, na singe yake imeelekezwa bandarini. Watu husikiliza, hupiga picha, huuliza choo kiko wapi.

Siku moja mzee wa Gerezani aliinama kwenye maandishi ya herufi za Kiarabu, akapitisha kidole kutoka kulia, akaanza kusoma kwa sauti. Vijana wakaduwaa. Kiswahili! Miaka yote walidhani ni Kiarabu. Mzee alisoma taratibu, akirudia neno pale jua lilipomwingia machoni, hadi akafika kwa wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Akanyamaza, akafuta miwani.

Ndipo mama mmoja akauliza: "Babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Na yeye yumo humu?"

Hayumo. Maandishi yanawakumbuka waliomtumikia Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mpaka aliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 1918, hawakuhesabiwa, ingawa wengi walikuwa wana wa nchi hii, na wapo waliovaa sare za pande zote mbili katika vita hiyohiyo. Wapagazi nao wametajwa kwa jumla tu. Kambi yao, Carrier Corps kwa Kiingereza, imetuachia jina la Kariakoo, soko tunalonunulia vitenge, lakini majina yao wenyewe hayapo kwenye sanamu hii. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa sawa na wenzao Wazungu, na ikaomba radhi.

Kwenye kamati tulibishana sana. Wapo waliosema sanamu ya mkoloni iondoke, mashujaa wetu wana mnara wao Mnazi Mmoja. Siafiki. Aliyesimama pale ana sura ya babu zetu, hata kama aliyemsimamisha alikuwa na hesabu zake. Ninachotaka ni hesabu ikamilishwe.

Basi tumefungua daftari. Ni daftari la kawaida, kaunta buku yenye jalada jeusi, na linapokea majina ya pande zote: askari wa Mwingereza, wa Mjerumani, wapagazi. Mstari mmoja unasema tu, "Kaka wa bibi, alichukuliwa Kilwa kubeba mizigo, hakurudi." Jina halikujulikana. Tumeuandika hivyohivyo.

Mhazini atasoma hesabu baada yangu. Ni fupi, kwa sababu fedha nazo ni fupi. Katibu atakaa mlangoni na daftari mpaka mtu wa mwisho atoke. Mwenye jina la utani tu, alete hilohilo.