Kanda za kupamba

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linalotumaliza, na mama hukusalimu kila akiniona na simu. Najua nimekunyamazia muda mrefu. Lawama utanipa tukionana, leo nina haja.

Salma wa Khadija anaolewa Mfunguo Tatu. Sasa ameshikilia, hataki jengine ila aone kupamba kwa mamake, ile sherehe yetu ya wanawake watupu. Nikafungua kabati: kanda zimo zote, zile ndogo za video za MiniDV, na mwandiko wako juu yake. Mbili zimefanya ukungu mweupe pembeni, wajua hewa ya huku. Hizo sizigusi kwanza, kwani ukungu ukiingia kwenye kamera huchafua kichwa kinachosoma, ukaponza na kanda zilizo nzima.

Nikaenda kwa kijana mmoja wa mambo ya picha. "Ziache zote mama, uje Alhamisi." Nikamuuliza, wewe utazitazama? Akaapa hatazami mtu. Weee! Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuingia kwenye kompyuta, haina njia ya mkato, na picha yacheza kwenye kioo muda wote huo. Rukia, mle tuko vichwa wazi, madira yamelowa jasho, Mwana Amina na chakacha yake hadi leso ikamdondoka… na wewe, basi nisiseme. Tuliwafukuza hata watoto wa kiume wasichungulie mlangoni, leo nikawatandaze dukani? Nilizibeba kanda zangu nikarudi.

Basi itakuwa nyumbani. Hamida ndiye fundi wetu. Asema tundu la USB la kamera zile mara nyingi hutoa picha za mnato tu. Video yataka waya wa FireWire, na laptopu za sasa hazina pa kuuchomeka. Yake ni Mac, na Apple wameiondoa FireWire kabisa kwenye mfumo wake wa macOS 26. Tumefufua ile kompyuta ya mezani ya marehemu baba, tundu inalo. Diski ya nje nimenunua, maana saa moja ya kanda hula kama GB 13.

Kilichobaki ni kamera. Yangu yameza kanda, kuitema haitaki.

Tena kuna hili. Kanda kabatini ilikuwa na stara yake, asiye na kamera haoni. Ikishakuwa faili, mtoto mmoja akiitia kwenye simu, jioni iko kwenye magrupu yote ya WhatsApp, Likoni hadi Mtwapa. Nimesema ibaki kwenye diski, na diski ikae kwangu. Khadija asema namshuku bintiye. Namshuku, eeh.

Haya niambie: ile Sony ya kakako bado iko? Na chaji yake? Ule waya wenye kichwa kidogo upande wa kamera hukuutupa ulipohamia Nairobi? Waweza kumpa Omari anayekuja na treni Ijumaa, bila kumwambia ni wa kazi gani? Bi Zuhura je, naye yumo kandani, tumuombe ruhusa kwanza, au tumuoneshe ndipo tumuombe? Na yule mpiga tarumbeta aliyekosea mlango tukamtimua, alikuwa mtoto wa nani vile?

Nijibu upesi.

Wako,
Mwanaisha